Sinema Iliyoanza na Mazishi

Chelangat,

Nimeandika jina lako, nimeliangalia kidogo, na sasa naweza kuendelea. Huku laini, kwenye nyumba za wafanyakazi wa chai, hakuna anayelitaja. Tangu mvua ndefu ya mwaka huu wewe ni "yule wa radi," tena kwa sauti ya chini, halafu msemaji anatupa jicho juu kama mtu aliyeiba. Wazee wa kwenu, Wakipsigis, walisema aliyechukuliwa na radi asitajwetajwe, isije radi ikakumbuka njia. Hata mama yangu, mwanamke wa Kisii ambaye hajawahi kufuata ushauri wa mtu yeyote, huo ameufuata.

Mstari wako shambani amepewa msichana mgeni kutoka upande wa Mogogosiek. Ana mikono myepesi, anachuna chai bila kuangalia. Hakuna aliyemwambia mstari ulikuwa wa nani, naye anashangaa kwa nini wenzake hawataki kukaa karibu na ule mti wa mgrevilea uliopasuliwa na radi. Barasa bado yuko kwenye boila ya kiwanda, bado anatia kuni, bado anasema mwezi ujao anaacha kazi. Amefuga ndevu. Zimeota upande mmoja zaidi kuliko mwingine, na kila mara ninapoziona najua ungesema nini, na nageuka kukutafuta.

Mimi nimefunga chuo. Niko nyumbani tangu mwanzo wa mwezi.

Nataka kukuambia kilichotokea Jumapili iliyopita, lakini siwezi kukifikia bila kupitia ile Jumapili nyingine, ya zamani, tulipokuwa na miaka kumi na saba na nilikuwa karibu kwenda kidato cha tano. Unaikumbuka. Naandika kama mtu asiyejua kama wafu wanakumbuka, kwa hiyo nivumilie nikisema yote.

Gari la sinema lilikuja mchana. Kwa kuwa mtu wa sinema alitakiwa Chepseon jioni hiyo hiyo, ilibidi holi lifanywe giza saa tisa, jua likiwaka. Watu wakatoa mablanketi vitandani. Barasa alileta la baba yake, likapigiliwa misumari kwenye dirisha kubwa, na lilikuwa na tundu, na mwanga ukapenya ukaweka duara jeupe juu ya shuka la picha. Mama Nekesa, mama yake Barasa, akapaza sauti kutoka benchi la wanawake: "Barasa! Yaani umeleta aibu yetu yote hapa mbele ya watu?" Holi likacheka hata kabla ya mashine kuwashwa.

Halafu ikajulikana kwamba karani, ambaye kwa kawaida ndiye aliyesimama kando ya picha kutueleza Kiswahili chake, alikuwa ameenda harusini. Watu wakaanza kupiga mabenchi. Mtu akasema, "Huyu wa sekondari atueleze!" nami nikajificha nyuma yako, kweli nilijificha, nikashika sweta yako. Wewe ukaitoa mikono yangu. Ukaenda mbele. Kiingereza chako kiliishia darasa la saba, na baadaye uliniambia kwamba hukusikia hata nusu, maana Wazungu wale walizungumza kama watu wenye viazi moto mdomoni. Ulichukua fimbo ya kufungia dirisha, ukasimama nayo kama mwalimu mkuu.

"Haya," ukasema. "Nyamazeni. Watu wanakufa hapa."

Kwa sababu sinema ilianza na ajali. Mji mdogo wa Wazungu, kiwanda cha matofali, moshi, ukuta wa tanuri unaanguka. Kijana mmoja yuko chini yake. Wenzake watatu wanafukua kwa mikono. Hatukuwa tumewajua hata majina, na tayari tulikuwa tunawazika. Nakumbuka jinsi holi lilivyotulia. Hapa kila mtu ana mtu aliyeumia kiwandani. Na wewe ukaanza kuwagawia majina, bila kusita, kana kwamba uliyapata pale pale kwenye shuka: mfupi ni Kiprono, mnene ni Wafula, mwenye miwani ni Nyamweya. Aliyekufa hukumpa jina la kabila lolote. Ulimwita Wetu. Nimelifikiria jambo hilo miaka yote hii. Ulikuwa na muda gani wa kupima, msichana wa miaka kumi na saba, kwamba ukimpa jina la Kikipsigis au la Kiluhya au la Kikisii watu wa upande mmoja wangerudi nyumbani na msiba na wengine na sinema tu?

Walimzika. Duara la tundu la blanketi likawa limekaa juu ya kaburi, ukaligusa kwa fimbo na kusema, "Hiyo ni jua ya huko. Ni ndogo." Watu wakakubali.

Wenzake wakatawanyika, kila mmoja njia yake. Mashine ikasimama. Mtu wa sinema akabadilisha mkebe, na picha ikaanza tena, na shuka likajaa majina mengi ya Kiingereza, moja baada ya jingine. Mtu wa nyuma akauliza ni nini hayo. Wewe ukasema: "Ni majina ya waliokuja mazishini."

Halafu, Chelangat. Halafu mlango wa chumba ukafunguliwa kwenye picha, na Wetu alikuwa amelala kitandani na viatu, mzima kabisa, na mama yake akammwagia maji.

Mzee mmoja akasimama. "Ngoja! Huyu si tumemzika sasa hivi?"

"Hata mimi nimeona sanduku!"

"Hii ni sinema ya wachawi. Fungua mlango."

Watu wa nyuma walishaanza kusukumana. Mtu wa sinema alikuwa nje anavuta sigara. Wewe ulishusha fimbo, ukaangalia picha kama sisi wengine, na nikajua hujui. Halafu ukageuka.

"Kaeni chini! Kwani nyinyi mkitoka mazishini mnaenda kulala? Si mnakaa kwa boma, mnaongea juu ya marehemu? Basi. Hawa wamerudi nyumbani. Sasa wanaongea juu yake. Angalieni vile alikuwa."

Wakakaa. Holi zima. Hata yule mzee.

Sijui kueleza kilichotupata baada ya hapo. Picha zenyewe zilikuwa za kuchekesha. Vijana wanne, watoto wa wapiga matofali, wana suti moja kati yao, na kuna dansi ambayo huruhusiwi kuingia bila koti na tai. Basi mmoja anaingia, anacheza wimbo mmoja, anatokea dirisha la choo, anavua, mwingine anavaa. Ulisema: "Suti hii ni ya marehemu babu yake Wafula. Babu mwenyewe alikuwa mtu wa kanisa, hakucheza hata siku moja. Leo amecheza mara nne." Watu walilia kwa kucheka. Kisha ikafika zamu ya Wetu, mikono ya koti imezidi vidole vyake, akaanza kucheza vibaya sana, na Mama Nekesa akasimama pale kwenye benchi huku machozi yanamtoka, akampigia makofi. "Cheza, mwanangu," akasema. "Cheza tu. Wewe hujui." Na watu walikuwa bado wanacheka. Nilikuwa nimesoma vitabu vingi kufikia umri ule, na vyote nilivipenda, lakini hakuna hata kimoja kilichokuwa kimenifanya nisikie vitu viwili kwa wakati mmoja kifuani kama nilivyosikia pale, nimebanwa kati ya Barasa na ukuta.

Mwishoni vijana wote wanne walikuwa juu ya rundo la matofali, asubuhi. Wetu akamgeukia Kiprono, akafungua mdomo kusema kitu, na mkanda ukaisha. Shuka likawa jeupe. Watu wakangoja. Wewe ukaweka fimbo chini.

"Hapo ndipo wale watu walichoka kuongea," ukasema. "Wakaenda kulala."

Ulipewa soda mbili. Tulikunywa watatu, tukipokezana, na Barasa akasema yeye ndiye Wafula kwa sababu ya tumbo, na wewe ukasema Barasa ni mbu wa Wafula.

Miaka miwili baadaye, Nairobi, niliingia jumba la sinema peke yangu na nikaiona tena. Kiti laini, giza la kununua. Ilianza na majina. Ikafuata mama na maji. Ilipofika kwenye rundo la matofali, Wetu akafungua mdomo na akaomba kiberiti. Kiberiti tu. Ndipo nikaelewa kwamba yule mtu wa sinema alikuwa amerudisha mikanda kwenye mikebe isiyo yake, na kwamba tulionyeshwa mwisho kwanza. Ajali ilikuja, mazishi yakaja, taa zikawaka, watu wakachukua makoti yao. Ilikuwa sinema nzuri. Nilitoka nje macho makavu, nikatembea hadi bwenini nikikuwaza wewe.

Nilipokuambia likizoni, tulikuwa katikati ya chai, umande bado haujakauka. Ulicheka mpaka kikapu kikamwaga majani, nyapara akapiga kelele kutoka juu, "Chelangat! Majani ni ya kuchekesha?" Ukasema, "Kumbe nilidanganya holi nzima! Na wakaninunulia soda!" Ukaendelea kuchuna. Baada ya muda mrefu, bila kugeuka, ukasema, "Lakini wewe, Kemunto. Wakiileta tena, usiwaambie."

Sikuwepo siku ya radi. Barasa aliniambia yaliyotokea na sitayarudia. Wewe unayajua kuliko yeye. Mazishi nilihudhuria. Kwenu Kiptere kulikuwa na mawingu mazito upande wa msitu, na mchungaji alisoma haraka, na waliokuwa wakifukia walifukia huku wakiangalia juu. Hakuna aliyesema ulikuwa mtu wa namna gani. Hakuna aliyesema hata kwamba ulikuwa mrefu. Mama yako alisimama, amefunga kitambaa hadi kwenye nyusi, mdomo umefungwa, na watu wakamsalimia kwa mkono na kuondoka kabla mvua haijaanza. Nilirudi huku bila kusikia sentensi moja juu yako.

Ndicho nilichoogopa miezi yote hii, na nimekiogopa kuliko kitu chochote maishani: kwamba utakuwa mti. Miaka michache ijayo watoto wataonyeshwa mgrevilea uliopasuka na kuambiwa, pale radi ilimpiga mtu. Mtu. Na mimi, niliyesoma, ninayejua maneno, nilikuwa nikipita chini ya mti huo pamoja na wengine na kunyamaza pamoja nao. Nilijaribu. Nilimwambia mama yangu mezani, "Chelangat angependa mboga hii," na mama akainuka akaenda kufunga dirisha.

Sasa Jumapili.

Barasa alikuja mbio. Gari la sinema limekuja, mtu ni yule yule, sinema ni ile ile. Karani safari hii alikuwepo, lakini anaugua koo, na watu walikuwa wamesema nije mimi, mtu wa chuo. Nilikwenda moja kwa moja kwa mtu wa sinema. Ameota mvi. Nikamwomba aanze na mkebe wa pili.

"Dada," akasema, "sinema si ugali. Huwezi kuanza upande wowote unaotaka."

Nikamwambia aliwahi kuanza hivyo hapa hapa. Akakataa, akasema hajawahi kukosea mkebe maishani mwake. Nikamwambia basi akosee leo, kwa ajili ya rafiki yangu aliyekufa. Akaniangalia. Akamwangalia Barasa, ambaye alikuwa anajaribu kuonekana mkubwa kwa ndevu zake. Akasema, "Na mtu akiuliza?"

"Nitajibu mimi."

Mablanketi yakapigiliwa. Nikasimama mahali ulipokuwa umesimama. Chelangat, ni mahali pa kutisha! Hukuwahi kuniambia. Huoni watu, unasikia pumzi zao tu. Tanuri likaanguka. Nilisema ninalokumbuka, kwa Kiswahili cha shule, safi, kimepigwa pasi, na kutoka nyuma wakaita, "Sauti! Sauti, mwalimu!" Tukazika. Majina yakaja, na nikasema ni majina ya waliokuja mazishini, na mtu mmoja gizani akacheka kidogo, cheko la mtu aliyekanyaga kitu anachokifahamu.

Kisha mlango ukafunguliwa, na Wetu alikuwa amelala na viatu.

Hakuna aliyesimama safari hii. Walingoja. Zamu ilikuwa yangu kusema yale maneno uliyosema. Nilikuwa nayo yote, nilikuwa nimeyarudia njia nzima, lakini hayakutoka. Mama akammwagia maji. Wetu akaamka. Wakazungumza, na hakuna aliyewasemea. Nilishika fimbo ya dirisha kwa mikono miwili na sikuweza.

"Kaeni chini," Mama Nekesa akasema, kutoka benchi la wanawake. Watu wote walikuwa wamekaa. "Kwani nyinyi mkitoka mazishini mnaenda kulala?"

Mwanamume mmoja, sikumjua kwa sauti: "Si mnakaa kwa boma, mnaongea."

"Juu ya marehemu."

"Basi, angalieni vile alikuwa."

Walikuwa nayo, Chelangat. Neno kwa neno. Watu ambao hawajui aya nzima ya Biblia bila mchungaji kuwaanzishia walikuwa wamekuweka miaka yote, na katika miezi hii minne ya kuangalia mawingu hawakuwa wamedondosha hata kipande. Ilipofika suti, holi zima lilisema pamoja, leo amecheza mara nne. Na kisha, katikati ya dansi, mwanamke mmoja akasema, bila kupunguza sauti: "Chelangat alikuwa anacheza hivyo hivyo. Kama mtu amekanyaga siafu."

Nilingoja paa lianguke. Nadhani sote tulingoja.

"Mbaya sana," mwingine akajibu. "Lakini hachoki."

"Alinikopa sufuria akairudisha na unga wa wimbi ndani."

"Alimwambia nyapara ana miguu ya mbuni. Mbele yake!"

"Na nyapara akafanya nini?"

"Nilikuwa nimejificha nyuma ya chai, nacheka," akasema nyapara mwenyewe gizani, na holi likavunjika.

Hakuna aliyekuwa akitafsiri tena. Wazungu walikuwa wakizungumza peke yao juu ya shuka, na chini yao watu walikuwa wakikuzungumzia wewe, wakikatizana, wakibishana kama ilikuwa mwaka huu au ule, na Barasa alikuwa akilia waziwazi na kusema, "Mbu wa Wafula, aliniita mbu wa Wafula," kwa mtu ambaye hakumwelewa. Mkanda ukaisha. Mtu wa sinema akatoa mablanketi, mwanga ukaingia, na hakuna aliyeondoka.

Ndipo nikamwona mama yako.

Alikuwa mlangoni. Alikuja kutoka Kiptere kuchukua sanduku lako chumbani, baada ya miezi yote hiyo ya kutothubutu, na mwenye ufunguo alikuwa ndani ya holi na sisi. Kanisa lenu halikubali sinema; alikuwa amesimama kizingitini, ameipa picha mgongo, anangoja. Hakuwepo ile Jumapili ya kwanza. Hukuwahi kumwambia, nadhani uliogopa angekuombea. Kwa hiyo hakujua kwamba uliwahi kusimama mbele ya holi na kulifanya likae chini. Alikuwa amesikia yote, nyuma ya kisogo chake, na watu walipomwona wakanyamaza ghafla, jina lako bado midomoni mwao.

Nilikwenda kwake. Nilimsalimu kwa lugha yenu, "Chamgei, Mama." Hakugeuka. Alikuwa akiangalia chai, safu kwa safu, hadi inapoishia.

"Chelangat," akasema. Mara ya kwanza. Kisha, kwa Kiswahili, kwa sababu mimi si wa kwenu: "Alisema nini tena?"

Tulikwenda pamoja chumbani kwako, Barasa akabeba sanduku begani, tukamsindikiza hadi barabarani, na njiani nilimweleza habari ya suti tu. Aliuliza mara mbili kuhusu dirisha la choo. Alifunika mdomo kwa kitambaa, na mabega yakamtikisika, na sitajifanya najua kilikuwa kicheko au kilio.

Kwa hiyo nakuahidi hili. Jumamosi nakwenda Kiptere, na kila likizo nitakwenda, na nitamweleza mama yako kidogo kidogo: soda, sweta, tundu la blanketi, kikapu kilichomwagika. Sitamaliza haraka. Na yakiisha yote uliyosema, atauliza tena, namjua sasa, na nitasimama kama ulivyosimama, na nitabuni.

Saisere, Chelangat. Wewe ndiwe uliyenifundisha kuaga hivyo kwa lugha yenu, ukacheka nilivyolitamka neno.

Kemunto